Kwa Nini Mko Wawili? Upweke na Usuhuba wa Vibarua wa Ranchi

Watu wawili wanafika kwenye ranchi ya shayiri karibu na mji wa Soledad, California, kutafuta kazi ya kubeba magunia. Mmoja, George Milton, ni mdogo wa umbo, mwepesi wa kufikiri, na macho yake hayatulii. Mwenzake, Lennie Small, ni pande la mtu, mwenye nguvu za kutisha na akili ya mtoto mdogo. Kila mmoja amebeba blanketi lake mgongoni, wana kadi za kazi kutoka kwa wakala wa ajira, na fedha zao zote kwa jumla ni dola 10. Wamechelewa kufika, kwa hiyo tajiri mwenyewe anakuja bwenini kuwahoji. Anauliza majina yao, walikotoka, na kazi wanazoziweza. Halafu anagundua kuwa George anajibu kila swali, hata yale anayoulizwa Lennie, na hapo anaingiwa na shaka. Anataka kujua George anapata nini kwa huyu mtu. Je, anamla mshahara wake?

Swali hilo ndilo linaloendesha riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1937, Of Mice and Men. Litarudi mara kadhaa, kila mara kinywani mwa mtu mwingine na kwa sababu nyingine: kwa nini mko wawili? Katika ranchi ile hakuna anayeulizwa kwa nini yuko peke yake. Upweke ni hali ya kawaida ya kibarua, kama vumbi la shayiri shingoni. Usuhuba ndio unaodaiwa maelezo. Kwa msomaji wa Kiswahili dunia hiyo imepinduka. Kwetu anayetiliwa shaka ni msafiri aliyefika peke yake, na salamu haijakamilika mpaka watu wa nyumbani waulizwe, wakubwa kwa wadogo. Naamini kitabu hiki, ambacho wengi hukisoma kama hadithi ya ndoto iliyovunjika, hufunguka vizuri zaidi tukiwafuata wale wanaouliza, mmoja baada ya mwingine, na kusikiliza kila mmoja anaogopa nini.

Lakini kwanza, upweke wenyewe ulitoka wapi? Tangu nusu ya pili ya karne ya 19, sehemu kubwa ya kilimo cha California ilikuwa ya mashamba makubwa, kwanza ya ngano na shayiri, baadaye ya matunda, mboga na viazi vya kutengenezea sukari. Shamba la namna hiyo huhitaji mikono mingi kwa wiki chache za mavuno, kisha haliihitaji tena mpaka mwaka ufuatao. Mwenye shamba hakutaka kumlisha mke wa kibarua wala kumjengea shule mtoto wake. Alitaka mtu mmoja, mzima wa mwili, anayefika siku anayotakiwa na kuondoka siku asiyotakiwa. Mawakala wa ajira waliokuwa mijini waliuza kazi hizo kwa kadi. Katika riwaya mshahara ni dola 50 kwa mwezi pamoja na chakula na kitanda, na karibu kila mmoja huzimaliza katika usiku mmoja au miwili mjini, kwenye vilabu na madanguro. Asubuhi yake anaanza upya, hana kitu, hana mtu.

Steinbeck aliyajua hayo kwa kuyaona. Alizaliwa Salinas, kwenye bonde lile lile, mwaka 1902, na ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya kampuni ya sukari ya Spreckels, bega kwa bega na wanaume wa aina hii. Mwaka huo huo wa 1937 alilieleza gazeti la New York Times kwamba Lennie alitokana na mtu halisi aliyewahi kufanya naye kazi. Inafaa pia kukumbuka kwamba kibarua wa peke yake alikuwa anaanza kutoweka wakati riwaya inatoka. Mashine za kuvunia zilikuwa zimepunguza haja ya watu, na barabara za California zilikuwa zimejaa familia nzima nzima zilizokimbia ukame wa majimbo ya katikati ya Marekani. Hao Steinbeck aliwaandikia makala katika gazeti la San Francisco News mwezi Oktoba 1936, na baadaye riwaya ya The Grapes of Wrath ya mwaka 1939. George na Lennie ni wa kizazi kilichotangulia, kizazi cha wanaume wasio na gari, wasio na wake, wasio na anwani.

Tuingie bwenini. Kuna vitanda vinane vya mbao, vitano vina mablanketi na vitatu havina mtu. Juu ya kila kitanda limepigiliwa sanduku la matufaha, upande wa wazi ukitazama nje, likawa rafu mbili. Hapo ndipo zilipo mali zote za mtu: sabuni, wembe, poda, na magazeti yenye hadithi za watu wa farasi na bastola. George anakuta kwenye rafu yake kopo la dawa ya kuulia chawa na mende, naye anakasirika. Anamuuliza mzee wa usafi, Candy, aliyelala hapa kabla yangu alikuwa mtu gani? Candy anamweleza kuwa alikuwa mhunzi, mtu safi kupita kiasi, ambaye siku moja aliomba hesabu yake na kuondoka. Aliondoka kwa nini? Aliondoka tu, kama wanavyoondoka wote. Mtu amefanya kazi hapo, amekula meza moja na wenzake, na kilichobaki cha kumthibitisha ni kopo la dawa.

Ipo sehemu nyingine bwenini ambayo wasomaji wengi huipita haraka, nami naiona kuwa miongoni mwa kurasa bora kabisa alizoandika Steinbeck. Kijana aitwaye Whit analeta gazeti la hadithi na kumwomba Slim, mwendesha nyumbu, asome barua ya msomaji iliyochapishwa nyuma. Barua yenyewe ni ya kawaida, ya kumsifu mwandishi fulani. Uzito wake uko kwenye jina lililo chini yake: ni la mtu aliyefanya kazi kwenye ranchi hiyo miezi mitatu iliyopita. Whit ana hakika ni yeye yule. George anaponyoosha mkono kulitaka gazeti, Whit anamwonyesha barua ilipo lakini haliachii, kisha analirudisha kwenye sanduku lake kwa uangalifu mkubwa. Waliwahi kufanya kazi pamoja. Hajui yuko wapi sasa. Lakini mmoja wao, mmoja wa watu wanaopita bila kuacha alama, amechapishwa, na Whit ameshika mkononi ushahidi kwamba alikuwepo. Mtu mwenye njaa ya wenzake hula hata makombo kama hayo.

Sasa wanaouliza. Tajiri anauliza kwa sababu anajua fedha tu. Akiona mtu anajishughulisha na mwenzake, maelezo pekee anayoweza kuyafikiria ni wizi. Zingatia jibu la George: anadanganya. Anasema Lennie ni binamu yake, na kwamba alipigwa teke la kichwa na farasi utotoni. Yote mawili si kweli. Kwa nini adanganye? Kwa sababu udugu wa damu ni sababu inayokubalika hata kwa tajiri, ilhali kuandamana na mtu kwa kumzoea na kumjali tu hakuna nafasi katika hesabu zake. George analijua jambo hili vizuri kiasi kwamba uongo unamtoka papo hapo.

Curley, mtoto wa tajiri, anauliza vibaya zaidi. Ni bondia mfupi anayechukia watu warefu, na wawili hawa anawatupia neno la kuashiria kwamba mapenzi yao si ya kawaida. George anamjibu kwa ubaridi kwamba ndivyo ilivyo. Hapa Steinbeck anatumia mistari michache tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba tuhuma inaweza kuchukua sura yoyote, kwa mmoja wizi, kwa mwingine aibu, ilimradi usuhuba wenyewe usiaminike.

Slim anauliza swali lile lile, na kwa mara ya kwanza George anasema ukweli. Tofauti iko katika namna ya kuuliza. Slim haoni ubaya. Anashangaa tu, na mshangao wake una heshima ndani yake, kwa kuwa katika miaka yake yote ya kazi ni nadra sana kuona vibarua wawili wakisafiri pamoja. Kisha ananyamaza na kuacha nafasi. George anaanza kwa kujivuna kidogo, halafu anaeleza kuhusu Shangazi Clara aliyemlea Lennie, na mwishowe anasimulia jambo ambalo huenda hajamwambia mtu. Zamani alikuwa akimfanyia Lennie mizaha mbele ya watu ili aonekane mwerevu. Siku moja, wakiwa kwenye Mto Sacramento na vijana wengine, alimwambia aruke majini. Lennie akaruka, naye hajui kuogelea hata kidogo, akanusurika kufa. Walipomtoa alimshukuru George kwa kumwokoa, akiwa amesahau kabisa nani aliyemwambia aruke. Tangu siku hiyo George aliacha.

Usuhuba wao, basi, haukuanza na wema. Ulianza na ukatili mdogo, na George hakatai kwamba hata sasa unampa faida fulani: akiwa kando ya Lennie anajisikia mwenye akili. Analalamika kila mara jinsi maisha yangekuwa mepesi bila huyu mzigo. Kinachomfanya abaki anakieleza kwa Slim bila mapambo. Amewaona wanaozunguka ranchi peke yao. Muda ukipita wanakuwa wakali, wanatafuta ugomvi, hawafurahii kitu. George anamtunza Lennie, na kumtunza Lennie kunamzuia George asiwe mtu wa namna hiyo. Napenda kwamba Steinbeck hakumsafisha. Angemfanya mtakatifu, tungemheshimu tu, wala tusingemwamini.

Wa nne kuuliza ni Crooks, na kwake swali linageuka kuwa mateso. Crooks ndiye mfanyakazi pekee mweusi pale, mtunza farasi ambaye mgongo wake ulipindika baada ya kupigwa teke. Haruhusiwi kulala bwenini. Anakaa katika chumba cha kuhifadhia hatamu kando ya zizi, na kwa kuwa yeye haondoki kama wengine, amejikusanyia vitu kuliko mtu mwingine yeyote: viatu vya mpira, saa ya kengele, bunduki, vitabu, na miongoni mwa vitabu hivyo nakala iliyochakaa ya sheria za kiraia za California za mwaka 1905. Mtu aliyenyimwa haki amekaa na kitabu cha haki chumbani mwake. Steinbeck anakitaja mara moja na kuendelea, bila kutueleza tufikirie nini.

Usiku wa Jumamosi wenzake wamekwenda mjini, na Lennie anachungulia mlangoni. Kwanza Crooks anamfukuza, maana ikiwa yeye hatakiwi bwenini, na chumba chake nacho hakitaki mtu. Lakini Lennie anatabasamu tu, na Crooks analegea. Halafu anafanya jambo baya. Anamwambia Lennie afikirie kwamba George hatarudi. Huenda ameumia, huenda amekufa, utafanya nini? Anarudia na kurudia, huku uso wake ukichangamka kwa furaha ya maumivu ya mwenzake, mpaka Lennie anainuka kwa hasira na Crooks anaona hatari. Hapo anabadilika na kuanza kujieleza mwenyewe: jioni anakaa peke yake anasoma, na akiona kitu hana wa kumuuliza kama naye amekiona, hivyo hawezi kuwa na hakika kama alikuwa macho au akiota. Wengine husema upweke huleta huzuni. Crooks anasema unamnyang'anya mtu mizani ya kupimia ukweli. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika riwaya hii ambapo jambo hilo limechambuliwa kwa kina namna hiyo, na aliyepewa kulisema ni mtu aliyefungiwa nje hata ya upweke wa wengine.

Kisha anaingia Candy, wanaongea habari za shamba dogo ambalo Candy, George na Lennie wanataka kulinunua, na Crooks, ambaye dakika chache zilizopita alicheka na kusema ameona mamia ya watu wakipita na shamba kichwani na hakuna hata mmoja aliyelipata, anauliza kwa sauti ya chini kama wangehitaji mtu wa kuwafanyia kazi bila malipo, kwa chakula tu. Anamaliza kusema hayo, na mke wa Curley anasimama mlangoni. Crooks anapojaribu kumtoa, mwanamke huyo anamkumbusha kwamba neno lake moja linatosha kumfanya anyongwe mtini. Crooks anajikunja, anajifuta, na baadaye anamwambia Candy asahau alichosema. Ameonja usuhuba kwa muda wa maongezi mafupi.

Mke wa Curley hana jina kitabuni. Anaitwa kwa jina la mumewe tu, na vibarua wanamwona kama mtego wa kuwaponza. Yeye naye ni mpweke, pengine zaidi yao, kwa sababu ndiye mwanamke pekee pale na kila anayeongea naye anahatarisha kazi yake. Steinbeck alijua anaweza kusomwa vibaya. Mchezo wa kuigiza wa riwaya hii ulipopandishwa jukwaani New York mwezi Novemba 1937, chini ya uongozaji wa George S. Kaufman, alimwandikia barua Claire Luce, mwigizaji aliyemcheza mwanamke huyo, akimfafanulia maisha na hofu za binti huyo ili asimgeuze malaya. Hata hivyo nadhani kitabu hakimtendei haki. Anapewa nafasi ya kueleza kwa kirefu habari zake, ndoto yake ya sinema, barua aliyoamini mama yake aliiiba, katika mazungumzo yake ya mwisho tu, na anamweleza Lennie ambaye wakati huo akili yake yote iko kwenye sungura anaoota kuwafuga shambani. Wanazungumza wawili, hakuna anayemsikia mwenzake, na muda si mrefu amekufa mikononi mwa mtu aliyetaka kugusa nywele laini.

Jinsi kitabu kilivyojengwa nayo inasaidia. Steinbeck alikiandika makusudi ili kiweze kuwa riwaya na mchezo kwa wakati mmoja: sura sita, mahali pachache, kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumapili. Msimulizi haingii vichwani mwa watu. Tunaona mikono yao, tunasikia maneno yao, basi. George anacheza karata za mtu mmoja kila anapopata nafasi, na Steinbeck haelezi maana yake. Akili moja tu inafunguliwa, ya Lennie, karibu na mwisho, anapomwona Shangazi Clara na sungura mkubwa wakimgombeza kando ya mto. Kwa hiyo msomaji amewekwa katika hali ile ile ya watu wa bwenini: anakaa karibu na wengine, anawatazama usiku na mchana, na hajui wanafikiri nini.

Si kila mwandishi aliyewaandika vibarua wa kuhamahama aliwaona hivi. Carlos Bulosan alitoka Ufilipino akafika Seattle mwaka 1930, na kitabu chake America Is in the Heart, cha mwaka 1946, kinapita katika mashamba yale yale ya California. Watu wake hawako peke yao kama wa Steinbeck. Wanasafiri kwa makundi, wanalala wengi chumba kimoja, na msimulizi anazunguka pwani nzima akiwatafuta kaka zake, akiwapata na kuwapoteza. Lakini usuhuba huo umezungukwa na chuki. Januari 1930, mjini Watsonville, si mbali na Salinas, Wafilipino walishambuliwa na magenge ya wazungu, na kijana mmoja akauawa kwa risasi. Chanzo kilikuwa wao kucheza dansi na wanawake wa kizungu. Mwaka 1933 sheria ya California ilirekebishwa ili kuwakataza kuoa wazungu. Mwaka 1934 waligoma katika mashamba ya letisi ya Salinas, nyumbani kwa Steinbeck. Ukisoma Of Mice and Men hutakutana nao hata mmoja. Hilo ni pengo kubwa, nami silioni kuwa dogo kwa sababu tu riwaya ni nzuri.

Hadithi ya Henry Lawson, The Union Buries Its Dead, ya mwaka 1893, inatoka Australia na inatupa sura ya tatu. Kijana asiyejulikana anazama akivusha farasi majini. Machache sana yanafahamika juu yake, likiwemo hili: alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Hilo linatosha watu wa mji mdogo, wengi wao wamelewa, kumzika. Baadhi wanashindwa kufika makaburini kwa ulevi. Anayefukia anajaribu kuelekeza mabonge ya kwanza ya udongo yateremke taratibu, lakini udongo wa pale ni mkavu na mgumu, na mabonge yanagonga jeneza vile vile. Hata jina lililoandikwa linakuja kugundulika si lake. Wamemzika mtu wasiyemjua, kwa heshima ya kadi aliyokuwa nayo.

Ziweke kadi mbili hizo pamoja. Kadi ya wakala aliyo nayo George inampeleka mtu kwa tajiri. Kadi ya kijana wa Lawson inampeleka mtu kwa watu wengine wasiomjua, nao wanakubali kuwajibika kwake hata akiwa maiti. Katika ranchi ya Steinbeck hakuna chama, hakuna mgomo, hakuna hata mtu anayeyataja maneno hayo. Steinbeck hakusahau, maana mwaka mmoja kabla alikuwa amechapisha In Dubious Battle, riwaya nzima kuhusu mgomo wa wachuma matufaha. Aliuondoa mlango huo makusudi ili tuone watu waliobakiwa na njia moja tu ya kuwa pamoja: kununua kipande cha ardhi.

Na hapo ndipo nilipo na hoja na wale wanaosema ndoto ya shamba ilikuwa haiwezekani tangu mwanzo. Tuhesabu. Shamba la ekari 10 linauzwa dola 600 na wazee waliofilisika, na bibi kizee anahitaji upasuaji. Candy, aliyepoteza mkono kazini, ana fidia ya dola 250, akiba ya 50, na mshahara wa 50 unaokuja mwisho wa mwezi: jumla 350. George na Lennie wakifanya kazi mwezi mmoja bila kutumia hata senti watakuwa na 100. George mwenyewe anapiga hesabu, anapata 450, na anaamini wazee watakubali. Kwa dakika kadhaa watatu hao wanakaa kimya wakishangazwa na jambo lililokuwa hadithi ya usiku ya kumbembelezea Lennie, ambalo sasa lina tarehe.

Kisha mke wa Curley anafariki ghalani, na Candy anamuuliza George kama wao wawili bado wanaweza kwenda. George halijibu swali hilo. Anasema atafanya kazi mwezi wake, atachukua dola zake 50, na atalala usiku kucha kwenye danguro au kukaa ukumbi wa kuchezea pool mpaka kila mtu aende kwao. Anayasema haya Lennie akiwa bado hai, kabla George hajachukua bastola ya kibarua mwenzao Carlson na kumpiga Lennie risasi. Fedha zilizopungua, ikilinganishwa na hesabu ya awali, ni mshahara wa mwezi mmoja wa mtu mmoja. Umaskini ulizuia mengi kitabuni, ila hili haukulizuia. Wangekopa, wangengoja, wangefanya kazi hadi mwezi unaofuata.

Kilichomzuia ni kwamba George aliliamini shamba kwa masikio ya Lennie. Alilisimulia mara nyingi mno kwa mtu asiyechoka kusikia, mpaka yeye mwenyewe akavutwa ndani. Kuanza na Candy kungemlazimu aamini kwa nguvu zake mwenyewe, na amsogelee mzee wa mkono mmoja ambaye naye atahitaji kutunzwa, ambaye naye siku moja atakufa. Kazi ya mwezi mzima na usiku mmoja mjini ni maisha yasiyohitaji maelezo. Hakuna tajiri atakayemuuliza kitu tena.

Mwisho wa kitabu Slim anamchukua George kwenda kunywa, na wasomaji wengi hupata faraja hapo: amempoteza mmoja, amempata mwingine. Sioni hivyo. Slim anaelewa kilichotokea, na kuelewa huko ni kitu kikubwa, lakini hana mpango wowote na George zaidi ya jioni hiyo. Nyuma yao Carlson, aliyempiga risasi mbwa wa Candy kwa sababu ananuka, anauliza wale wawili wanasumbuliwa na nini, na swali lake ni la dhati kabisa.

Candy ameachwa ghalani kumlinda maiti. Yeye hakuwauliza kamwe George na Lennie kwa nini wako wawili. Alisikia mpango wao, akataja fedha zake, akaomba awe wa tatu, na akaahidi kuwaandikia wosia. Wahakiki humtaja zaidi kwa ajili ya mbwa wake, kama ishara ya yatakayompata Lennie, na ishara hiyo ipo kweli. Lakini Candy ni mtu mzima aliyeuliza swali la wazi, akiwa na dola 350 za kuchangia, na George akaondoka ghalani bila kumjibu. Katika mauti yote ya kitabu hiki, kunyamaziwa huko ndiko ninakoshindwa kumsamehe George.